Koki, kokasi au bakteria wa mviringo: neno lipi liandikwe wapi

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alinirudishia karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Alikuwa amemleta mtoto wa miaka 6 mwenye jipu kubwa shingoni. Tulichukua usaha, nikaupaka kwenye kioo, nikatia rangi, nikatazama kwa mikroskopi, kisha nikaandika vile tulivyofundishwa shuleni: Cocci Gram positif en amas. Nikapiga mhuri. Haikupita muda mrefu mama akasimama tena kwenye dirisha la labo, machozi yanamtoka.

"Dokta, mtoto wangu ni positif?"

Katika mstari ule wote, neno moja tu ndilo lililomfikia. Hapa Bukavu mtu akiambiwa kwamba ni positif, anafahamu jambo moja, nalo ni VIH, virusi vya UKIMWI. Gram alidhani ni kipimo cha uzito. Cocci hakuwahi kulisikia. Nilitoka nje, nikakaa naye kwenye benchi, nikamwambia: "Hapana, mama. Hii si ile. Karatasi inasema tumeona mikrobe za mviringo kwenye usaha, zile za jipu." Alishusha pumzi, akanishukuru, akaenda kutafuta dawa. Mimi nilibaki na ile karatasi akilini. Tangu siku hiyo, kila ninapolazimika kuandika juu ya bakteria hawa, najiuliza kwanza nani atasoma, ndipo nachagua neno. Hapa chini naweka maneno yenyewe bega kwa bega, kwa ajili ya wanafunzi wa labo, wauguzi, walimu wa biolojia na wanaotafsiri matangazo ya afya.

Neno lenyewe linataja nini

Cocci ni jina la umbo. Linasema kwamba bakteria anayeonekana ni wa mviringo, basi. Kama ana madhara au hana, kama ni wa koo au wa kidonda, hilo bado halijasemwa. Asili yake ni kokkos ya Kigiriki, yaani punje, mbegu, tunda dogo. Wagiriki wa leo bado wanaita punje ya kahawa kwa neno hilo hilo, na sisi wa Kivu, tunaoona kahawa kuanzia Idjwi mpaka Kalehe, tuna bahati ya kuwa na mfano huo mlangoni.

Mfano wa kahawa una faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukibandua tunda la kahawa lililoiva unakuta punje mbili, kila moja imelala upande wake wa bapa ukielekea mwenzake. Hivyo hivyo ndivyo zinavyoonekana koki za kisonono na za menenjiti: wawili wawili, mbavu bapa zikitazamana. Mwanafunzi aliyewahi kusaidia kumenya kahawa kwa bibi yake hahitaji picha ya kitabu. Mwambie tu "kahawa ndani ya tunda", atakapoinama kwenye mikroskopi atazitambua.

Mpangilio mwingine unatokana na namna bakteria wanavyojigawa. Wakijigawa kuelekea upande mmoja bila kuachana, wanakuwa mnyororo kama ushanga. Huyo ndiye streptokoki, na strepto inatoka kwenye neno la Kigiriki la kitu kilichosokotwa. Wakijigawa kila upande bila mpango, wanakuwa kichala, nao ni stafilokoki, kutoka staphyle, kichala cha zabibu. Zabibu juu ya mzabibu wachache hapa wameiona, lakini kila aliyesoma Biblia anajua kichala kile ambacho wapelelezi walikibeba wawili kwa mti. Wako pia wanaokaa wanne wanne, na wengine wanane kama kete zilizofungwa pamoja. Hao kwenye kazi ya kila siku huwaoni sana.

Ukubwa wao ni karibu mikromita 1. Panga elfu moja kwa mstari, utapata milimita 1.

Waliowapa majina haya walikuwa wakitazama vitu vile vile tunavyotazama sisi. Mwaka 1872 Ferdinand Cohn, mwanabiolojia Mjerumani, aliwapanga bakteria kwa maumbo. Mwaka 1874 Theodor Billroth, daktari wa upasuaji huko Vienna, akatoa jina streptococcus. Kisha Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, alichunguza usaha wa majipu, akaona vichala, na mwaka 1882 akaviita staphylococcus. Usaha wa majipu, kama ule wa mtoto wa Kadutu. Na Gram ni mtu: Hans Christian Gram, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliyetangaza mwaka 1884 njia ya kutia rangi. Unatia zambarau, unatia Lugol, yaani maji ya iodini, unasafisha kwa alkoli, unamalizia na rangi nyekundu. Bakteria aliyeshika zambarau anaitwa Gram positif, na aliyeiachia akabaki mwekundu anaitwa Gram négatif. Zambarau hiyo ni ya ukoo mmoja na ile violeti ambayo mama zetu wanawapaka watoto wenye utando mweupe mdomoni.

Cocci, kama ilivyo

Hili ndilo neno la fomu za labo zetu. Sifa yake kubwa ni kwamba daktari yeyote, awe amesomea Bukavu, Butare au Kampala, akiliona limeandikwa analielewa. Shida inaanza kwenye sikio. Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tunasema "koksi". Mwenzetu aliyesomea kwa Kiingereza anasema "koksai", na mwingine "kokai". Kwenye mafunzo ya pamoja niliwahi kuona wauguzi wawili wakibishana kwa nusu saa juu ya kioo kimoja, kila mmoja akidhani mwenzake anataja kitu kingine.

Tena cocci ni wingi. Umoja wake ni coccus. Kwa hiyo "cocci moja" ni kosa lile lile la kusema "viti moja", nami nalisikia kila wiki. Kwa Kiswahili neno hili halina pa kukaa: ni cocci hii, hizi au haya? Kwenye fomu iliyoandikwa yote kwa Kifaransa liache. Kwenye sentensi ya Kiswahili linakwama kama mfupa wa samaki.

Koki

Linatoka kwenye coque ya Kifaransa, na kwa Kongo ndilo ninalolipenda. Sababu ya kwanza ni mkia. Vitabu vya wanafunzi wetu vimejaa streptocoque, staphylocoque, pneumocoque, méningocoque, gonocoque. Ukiandika streptokoki, stafilokoki, pneumokoki (wa mapafu), meningokoki (wa menenjiti), gonokoki (wa kisonono), mwanafunzi anaona ndugu wa neno lile lile bila kuelezwa. Sababu ya pili ni sarufi: koki hii, koki hizi, koki moja, koki nyingi. Linaingia darasa moja na meza na kalamu, na ile taabu ya coccus na cocci inakwisha.

Lina mitego mitatu, na lazima niitaje. Tanzania koki ni ile ya bomba la maji, kitu unachokifunga ili maji yasimwagike. Sisi tunasema robine, kwa hiyo hapa hakuna mgongano, ila maandishi yako yakivuka ziwa Tanganyika kuna msomaji wa Kigoma atakayeshangaa. Pili, coque kwa Kifaransa ni ganda pia, na yupo mwanafunzi aliyeniuliza kama bakteria hawa wana ganda la yai. Mtego wa tatu ndio unaoniogopesha. Kifua kikuu hapa kinaitwa kwa herufi BK, yaani bacille de Koch, na Koch kwa matamshi ya Kifaransa ni "kok". Mgonjwa anayekohoa akisikia "tumeona koki kwenye makohozi yako", anaweza kurudi nyumbani akiamini ana kifua kikuu. Bakteria wa Koch ni kijiti, hafanani hata kidogo na punje. Kwa hiyo mbele ya mtu anayekohoa neno koki peke yake silitumii kamwe. Nasema pneumokoki kwa ukamilifu, au nasema kwa maelezo.

Kokasi

Hili ni coccus lililopita kwa wenzetu wa Kenya na Tanzania: streptokokasi, stafilokokasi. Liko karibu zaidi na jina la kisayansi, na hiyo ni faida ya kweli. Anayejua stafilokokasi akikutana na Staphylococcus kwenye kitabu hapotei. Ubaya wake kwetu ni kwamba linakuja na uzito. Mwambie muuguzi wa sentre ya afya huko Bagira aseme "stafilokokasi" mara tano kwa siku, mwishoni atasema "stafilo", nami simlaumu.

Ukiandikia wasomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, tumia kokasi. Ukiandikia Bukavu, Goma au Uvira, tumia koki. Kuchanganya yote mawili kwenye karatasi moja ndiko kunakoharibu, kwa sababu msomaji atadhani ni viumbe wawili.

Bakteria duara, bakteria tufe, bakteria wa mviringo

Kwa mtu asiyesomea kazi hii, maelezo yanashinda jina. Lakini hata maelezo yana uchaguzi. Duara ni ile unayochora ubaoni kwa bikari, ni kitu bapa kama sarafu. Tufe ndilo neno sahihi la jiometri, kitu cha mviringo pande zote, na mwalimu wa sekondari analipenda. Nimelijaribu darasani: wanafunzi wengi hawakulijua, nikalazimika kusema "kama mpira", na baada ya hapo wote waliandika mpira.

Nimetua kwenye mviringo. Si uvivu. Koki nyingi si mpira kamili: meningokoki amebonyea upande mmoja, pneumokoki amechongoka kidogo mwisho wa nje. Mviringo linabeba yai na mpira pamoja, kwa hiyo linasema ukweli zaidi kuliko tufe.

Na liwe "bakteria wa mviringo" au "bakteria za mviringo"? Nachagua wa, kwa kuwa ni kiumbe hai, anakula na kujigawa. Anayeandika za haniudhi.

Vidudu nalitumia kwa tahadhari. Kwetu kidudu ni mende na kunguni pia, na mama akiambiwa mtoto ana vidudu kwenye koo anaweza kukagua godoro. Mikrobe ni bora. Kila mtu wa Bukavu analijua kutoka redioni na kwenye matangazo ya kunawa mikono.

Kulikuwa na neno moja lililonivuta sana: kokwa. Ni mbegu ya embe, ni kitu cha ndani ya tunda, na sauti yake inakaribiana na kokkos mpaka unatamani wawe jamaa. Sidai kwamba ni jamaa. Niliandika "bakteria kokwa" kwenye daftari langu kwa muda, nikalipenda, kisha nikaliacha, maana hakuna mtu mwingine analitumia, na neno la afya linaloeleweka na mtu mmoja halimsaidii mgonjwa.

Ujumbe mmoja, karatasi tatu

Chukua usaha ule ule wa mtoto wa Kadutu.

Kwa daktari, kwenye fomu, naacha: Cocci Gram positif en amas. Hapo kila neno lina kazi. Cocci inaondoa vijiti vyote, rangi inaondoa meningokoki na gonokoki wasioshika zambarau, en amas, yaani kichala, kinamsogeza kwenye stafilokoki kuliko streptokoki, na kwa hayo anaweza kufikiria dawa kabla majibu ya kuotesha bakteria hayajatoka.

Kwa mwanafunzi, kwenye daftari, naandika: Usaha una koki zilizoshika zambarau ya Gram, zimekaa kwa vichala; huenda ni stafilokoki. Angalia kwamba sikuandika "chanya" wala "positif". Nimeandika kilichoonekana, rangi iliyoshikwa. Gram linabaki na herufi kubwa na halipewi u mwishoni, lisije likageuka gramu ya sukari.

Kwa mama, chini ya fomu hiyo hiyo, sasa naongeza mstari kwa Kiswahili: Tumeona mikrobe za mviringo, za aina inayoleta majipu. Hiki si kipimo cha VIH. Peleka karatasi hii kwa daktari. Mstari huo unanichukua nusu dakika. Kwenye siku ya wagonjwa wengi ni kazi, naifanya hata hivyo.

Haya matatu usiyabadilishane. Nimeona bango la afya limeandikwa "jikingeni na cocci", na nimeona ripoti ya labo imeandikwa "mikrobe zipo". La kwanza halimfikii msomaji. La pili linamnyima daktari alichokuja kutafuta.

Pale jina linapodanganya

Kwa kuwa neno linataja umbo, limebandikwa pia kwenye viumbe wasio bakteria, na hapo kosa linaweza kuua. Kriptokoki ni kuvu. Ni wa mviringo, ana mkia wa koki kwenye jina, na anawashambulia ubongo hasa watu wenye VIH ambao kinga yao imeshuka. Antibiotiki za bakteria hazimgusi. Anatibiwa kwa dawa za kuvu. Anayefafanua koki zote kuwa "bakteria wa mviringo" bila kusema neno juu ya huyu anapanda kosa kichwani mwa mwanafunzi. Ekinokoki naye ni mnyoo wa mbwa, ambaye mtu anaweza kumpata na kuota uvimbe wa maji kwenye ini.

Wafugaji wa kuku nao wana yao. Koksidiozi, ugonjwa wa vifaranga wanaoharisha damu, unaletwa na koksidia, vimelea wenye asili moja ya jina, kokkos, wasio na undugu na bakteria. Mfugaji mmoja wa Panzi alikuja kuniuliza kama streptokoki ya koo la binti yake imetoka kwa kuku wake. Swali lilikuwa la akili kabisa, maneno yanafanana. Jibu ni hapana.

Upande wa pili, wapo wa mviringo ambao jina lao kamili halionyeshi umbo. Meningokoki kwa jina rasmi ni Neisseria meningitidis, na gonokoki ni Neisseria gonorrhoeae, kwa heshima ya Albert Neisser aliyemwona gonokoki mwaka 1879. Mwanafunzi anayetafuta coccus kwenye jina hatawapata. Hapa majina mafupi, meningokoki na gonokoki, yanafundisha vizuri kuliko yale rasmi, nami nayaandika yote mawili kwa pamoja mara ya kwanza.

Tena si kila koki ni adui. Lactococcus lactis ni miongoni mwa wale wanaogeuza maziwa kuwa machachu, na watengenezaji wa fomaji, yaani jibini, wanamhitaji. Ukinywa mashanza, maziwa yetu machachu, unakunywa bakteria kwa mamilioni, wakiwemo wa mviringo. Ndiyo maana sipendi tangazo linalosema "koki ni mikrobe hatari". Sema ni koki gani.

Na wapo walio katikati, wafupi mno kuwa vijiti na warefu mno kuwa punje. Hao ni kokobasili. Nikisita kati ya koki na kijiti, naandika kokobasili na kumwachia daktari wa labo kuu aoteshe. Kolera, ambayo watu wa kando ya ziwa Kivu tunaijua kwa uchungu, haimo kabisa katika mazungumzo haya: bakteria wake amepinda kama koma.

Mahali ambapo mama anahitaji jina la kisayansi

Nimesema mama aandikiwe mikrobe za mviringo. Kuna pahali pamoja ambapo nafanya kinyume, nako ni kwenye chanjo.

Kwenye kadi ya mtoto imeandikwa PCV-13, sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Siku ya kupima kilo, wengi wanaiita chanjo ya nimonia. Ni rahisi kusema, na inaeleweka upesi. Lakini nimonia inaletwa na mikrobe nyingi, virusi wakiwemo, na sindano hii inakinga dhidi ya mmoja, pneumokoki, tena aina zake 13 tu. Mtoto aliyechanjwa akipata nimonia ya virusi, mama anasema chanjo haikufanya kazi, anamwambia jirani, na jirani hampeleki wake. Tena jina hilo linaficha faida nyingine, kwa kuwa pneumokoki huyo huyo analeta menenjiti na usaha wa masikio.

Kwa hiyo kwenye tangazo la chanjo sikubali "mikrobe" wala "nimonia" peke yake. Naandika pneumokoki kwa herufi kubwa, na chini yake: mikrobe ya mviringo inayoshambulia mapafu, ubongo na masikio ya watoto. Mama mmoja alilisoma kwa sauti, pole pole, pneu-mo-ko-ki, akaniuliza kama ndilo lile lililomtoa mtoto wa dada yake usaha sikioni. Nikamwambia huenda ndilo, na kwamba wiki ya 10 asikose kuja.